Augustino, Mtu Aliyeomba Msamaha

1. Jambo la siri

Kila mmoja wetu ana jambo alilolitenda zamani ambalo hapendi majirani walijue. Pengine ni wizi mdogo. Pengine ni uongo aliomwambia mzazi wake. Pengine kuna mtu aliyemtupa. Watu wengine hawajui, lakini yeye mwenyewe hasahau.

Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyekuwa na mambo mengi ya namna hiyo. Hakuyaficha. Aliyaandika katika kitabu ili kila mtu ayasome. Alifanya hivyo kwa sababu aliamini kwamba Mungu amemsamehe. Mtu huyo ni Augustino.

Augustino alikuwa Mwafrika. Alizaliwa tarehe 13 Novemba, mwaka 354, katika mji mdogo wa Thagaste. Siku hizi mji huo unaitwa Souk Ahras, nao uko katika nchi ya Algeria, Afrika ya Kaskazini. Wakati ule nchi hiyo ilitawaliwa na Dola ya Roma. Watu wa huko walilima ngano, mizabibu na mizeituni.

Baba yake aliitwa Patrisi. Alikuwa na shamba la kiasi, na alikuwa mmoja wa wazee wa baraza la mji. Hakuwa tajiri. Alikuwa mwepesi wa hasira, na kwa miaka mingi hakuwa Mkristo. Mama yake aliitwa Monika. Yeye alikuwa Mkristo tangu utoto, mama mwenye subira na sala nyingi.

Siku moja, Augustino akiwa bado mtoto, aliugua sana tumbo. Aliomba abatizwe. Mama yake akaanza kufanya matayarisho. Lakini mtoto akapata nafuu ghafula, na ubatizo ukaahirishwa. Wakati ule Wakristo wengi waliogopa dhambi zinazotendwa baada ya ubatizo. Walidhani ni vigumu zaidi kusamehewa. Kwa hiyo waliona afadhali kijana amalize ujana wake kwanza, ndipo abatizwe. Watu walisema mwache afanye apendavyo, bado hajabatizwa.

Kumbuka neno hilo, ndugu msomaji. Augustino alikuja kulisikitikia sana. Alisema kwamba mtu mgonjwa haachwi azidi kujijeruhi kwa sababu eti hajaanza kutibiwa.

2. Mapeasi ya jirani

Shuleni Augustino alipenda kucheza kuliko kusoma. Alichapwa fimbo mara nyingi. Hata hivyo alikuwa na akili nyepesi, na wazazi wake walijinyima ili asome mbele zaidi.

Alipofika umri wa miaka 16, fedha za masomo zilipungua. Ikambidi akae nyumbani mwaka mzima bila kazi. Akafuatana na vijana wahuni.

Karibu na shamba lao la mizabibu palikuwa na mpeasi wa jirani, umejaa matunda. Usiku mmoja vijana hao wakaenda wakautikisa mti. Wakabeba mapeasi mengi. Je, walikuwa na njaa? Hapana. Nyumbani kwao Augustino yalikuwapo mapeasi mazuri zaidi. Walionja machache tu, mengine wakawatupia nguruwe.

Huenda utasema hilo ni jambo dogo, tena la kitoto. Lakini Augustino hakulisahau. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, alijiuliza kwa nini aliiba kitu asichokihitaji. Akaona kwamba alifurahia uovu wenyewe. Tena akaona kwamba peke yake asingeiba. Aliiba kwa sababu wenzake walicheka, naye aliona haya kuonekana mwoga.

3. Udhuru

Alipokuwa na umri wa miaka 17, Augustino alikwenda kusoma Karthago. Huo ulikuwa mji mkubwa pwani ya nchi inayoitwa leo Tunisia. Tajiri mmoja wa Thagaste alisaidia kulipa gharama. Mwaka huohuo au karibu yake, baba yake alifariki. Kabla ya kufa, Patrisi naye alikuwa amepokea imani ya mkewe.

Huko Karthago Augustino alianza kuishi na mwanamke bila kufunga ndoa. Wakapata mtoto wa kiume. Wakamwita Adeodatus, maana yake, aliyetolewa na Mungu. Waliishi pamoja kwa uaminifu miaka mingi.

Wakati huo Augustino alifuata mafundisho ya mtu aliyeitwa Mani. Wafuasi wa Mani walisema kwamba ndani ya mtu mna nguvu mbili, moja njema na moja mbaya. Mtu akitenda dhambi, si yeye aliyetenda, bali ni ile nguvu mbaya iliyomo ndani yake. Augustino alipenda sana mafundisho hayo, akayafuata muda wa miaka tisa.

Unaona kwa nini aliyapenda? Yalimpa udhuru. Mtu asiyekosa hahitaji kuomba radhi. Lakini angalia hasara yake. Mtu asiyekiri kosa hawezi kusamehewa, kwa maana hana alilolileta lisamehewe. Anabaki na mzigo wake huku akisema hana mzigo.

Monika aliposikia habari za dini hiyo mpya, alihuzunika kama mtu aliyefiwa. Mwanzoni hata hakutaka kula meza moja na mwanawe. Halafu akamrudisha nyumbani, akaendelea kumwombea kwa machozi. Alimwendea askofu mmoja akamsihi azungumze na kijana. Askofu alikataa, kwa sababu aliona kijana bado ana kiburi na hatasikia. Lakini mama alipozidi kulia, askofu alimtia moyo kwamba mtoto wa machozi mengi kama hayo hatapotea.

Mwaka 383 Augustino aliamua kwenda Roma kufundisha. Monika hakutaka aende peke yake. Alimfuata mpaka bandarini. Augustino akamdanganya mama yake. Alimwambia anamsindikiza rafiki tu, anayengoja upepo mzuri. Mama akaenda kusali katika kanisa dogo karibu na bandari. Usiku ule Augustino akapanda chombo akaondoka. Asubuhi mama alisimama pwani akilia. Chombo kilikuwa kimekwisha kwenda.

4. Kesho, kesho

Katika mwaka 384 Augustino alipewa kazi ya heshima katika mji wa Milano, Italia. Alikuwa mwalimu wa kufundisha watu kusema kwa ufasaha mbele ya wakubwa. Monika alivuka bahari akamfuata huko.

Askofu wa Milano aliitwa Ambrosi. Alikuwa mhubiri hodari. Mwanzoni Augustino alikwenda kanisani kusikiliza ufasaha wake tu, kama fundi anayekwenda kutazama kazi ya fundi mwenzake. Lakini pamoja na maneno mazuri, maana nayo ikamwingia. Pole pole aliacha mafundisho ya Mani. Udhuru wake ukaanguka. Sasa alijua kwamba anayetenda dhambi ni yeye mwenyewe.

Hapo pana jambo moja la kusikitisha. Ndugu na marafiki walitaka Augustino aoe mke wa jamaa yenye cheo. Mama yake ndiye aliyehangaikia posa hiyo. Kwa ajili hiyo yule mwanamke aliyezaa naye akaachishwa, akarudishwa Afrika. Akaondoka akiweka nadhiri kwamba hatakuwa na mwanamume mwingine. Mtoto akamwacha kwa baba. Augustino aliandika kwamba moyo wake ulitoka damu. Lakini hakumzuia. Tena, kwa kuwa binti aliyeposwa alikuwa bado mdogo, akachukua mwanamke mwingine kwa muda. Jina la yule mama wa mtoto wake hakuliandika.

Fikiri juu ya mama huyo, ndugu msomaji. Habari hizi hatuzijui kutoka kwa adui wa Augustino. Yeye mwenyewe ndiye aliyezitoa, wala hakujisafisha.

Augustino sasa aliamini, lakini hakuwa tayari kubadili maisha. Aliomba Mungu amwokoe na tamaa zake, ila asimwokoe mapema mno. Kila siku alisema kesho. Watu wengi hufanya hivyo. Mlevi husema nitaacha baada ya sikukuu. Aliyegombana na ndugu yake husema nitampelekea salamu baada ya mavuno. Mavuno hupita, na mengine yakaja, na salamu haijaenda.

Siku moja ya mwaka 386, Augustino alikuwa bustanini na rafiki yake Alipio. Moyo wake ulijaa uchungu. Akaenda mbali kidogo, akajitupa chini ya mtini, akalia. Mara akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani. Mtoto alikuwa akiimba kama katika mchezo, akirudia maneno ya kumtaka mtu achukue na kusoma. Augustino akafuta machozi. Akarudi pale alipokuwa amekiacha kitabu cha nyaraka za Mtume Paulo. Akakifungua, akasoma mahali pa kwanza alipoona. Palikuwa katika Waraka kwa Warumi, panapoagiza watu waache ulevi, uasherati na ugomvi, wamvae Kristo.

Hakuhitaji kusoma zaidi. Aliingia ndani akamweleza mama yake. Yule mama aliyeachwa pwani akilia, safari hii alilia kwa furaha.

5. Kwaresima ya mwaka 387

Augustino aliacha kazi yake ya heshima. Akaacha na ile posa. Kwaresima ya mwaka 387 ilipoanza, alikwenda kwa Askofu Ambrosi akaandikisha jina lake pamoja na wengine waliotaka ubatizo.

Unajua kwamba Kwaresima ni kipindi cha siku 40 za mfungo kabla ya Pasaka. Zamani zile ndicho kilichokuwa kipindi cha kuwatayarisha watu wazima kwa ubatizo. Walifunga, walisali, na walisikiliza mafundisho ya askofu. Walijifunza Kanuni ya Imani kwa moyo. Na Wakristo waliokwisha kubatizwa walifunga pamoja nao.

Tazama, basi. Huyu alikuwa mwalimu mkubwa. Watu walilipa fedha ili wamsikilize. Sasa alikaa darasani pamoja na watu wa kila namna, wasomi na wasiosoma, akafundishwa kama mtoto. Alikuwa na umri wa miaka 32. Wewe unayesoma katika darasa la watu wazima unajua jambo hilo linataka moyo gani.

Usiku wa Pasaka, kati ya tarehe 24 na 25 Aprili, mwaka 387, Ambrosi alimbatiza Augustino. Pamoja naye alibatizwa Alipio, na mwanawe Adeodatus, aliyekuwa na umri wa miaka 15 hivi. Augustino aliandika kwamba wasiwasi wa maisha yake ya zamani ulimtoka.

Miezi michache baadaye walianza safari ya kurudi Afrika. Walipofika Ostia, bandari ya Roma, Monika aliugua homa akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 56. Hapo kwanza alitamani sana azikwe Thagaste, kando ya mumewe. Lakini alipokuwa akifa alisema mahali pa kuuzika mwili si kitu. Aliomba tu wamkumbuke katika sala altareni. Mtoto aliyemkimbia usiku ndiye aliyemfumba macho.

Huko Afrika Adeodatus naye alikufa, bado kijana. Kusamehewa dhambi hakukumwondolea Augustino misiba.

6. Askofu aliyejitangaza

Mwaka 391 Augustino alifika Hippo, mji wa pwani ambao leo unaitwa Annaba, nchini Algeria. Alitaka kuishi maisha ya utulivu na sala. Lakini watu walimkamata kanisani, wakamsukuma mbele kwa askofu mzee ili awe padre. Alilia. Katika mwaka 395 au 396 akawa askofu. Alikaa Hippo mpaka kufa kwake.

Hapo ndipo alipoandika kitabu kiitwacho Maungamo. Alikianza kama mwaka 397. Ndani yake alieleza mapeasi, uongo wa bandarini, mwanamke aliyeachwa, na kuchelewa kwake. Viongozi wengi hupenda sifa zao ziandikwe. Askofu huyu aliandika makosa yake, kisha akaandika rehema ya Mungu iliyomngojea. Kitabu hicho kinasomwa mpaka leo, baada ya miaka zaidi ya 1,600.

Kila Kwaresima aliwahubiria watu wa Hippo. Wengi wao walikuwa wavuvi, mafundi na wachuuzi. Aliwafundisha kwamba sala ni kama ndege mwenye mabawa mawili. Bawa moja ni kufunga. Bawa la pili ni kutoa sadaka. Tena alisema sadaka ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kumpa maskini. Chakula ulichojinyima kisibaki katika ghala yako, kiende kwa mwenye njaa. Ya pili ni kumsamehe aliyekukosea. Sadaka hii ya pili hata maskini anaweza kuitoa, maana haihitaji fedha. Aliwahimiza watu wamalize ugomvi wao katika siku hizo, kwa sababu mtu anayeshika kisasi hawezi kumwomba Mungu amsamehe.

Nyumbani mwake alikula chakula cha kawaida pamoja na mapadre wake. Juu ya meza yaliandikwa maneno ya kumkataza mgeni kumsengenya mtu asiyekuwapo. Siku moja maaskofu rafiki zake walianza masengenyo. Augustino akawaambia ama maneno yale yafutwe mezani, ama yeye aondoke. Tena, mateka walipohitaji kukombolewa, aliamuru vyombo vya thamani vya kanisa viyeyushwe ili fedha ipatikane.

7. Wauaji

Jaribu kubwa lilikuja kwa njia nyingine. Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walikuwa wamegawanyika. Kundi moja, lililoitwa Wadonati, lilidai kwamba Kanisa ni la watu safi tu. Lilisema kwamba mapadre walioanguka wakati wa mateso hawawezi kutoa sakramenti za kweli. Augustino alikataa. Alifundisha kwamba Kanisa ni kama shamba lenye ngano na magugu pamoja, na mwenye kutenga ni Mungu siku ya mavuno.

Ugomvi ukawa mkali. Karibu na mwaka 411 baadhi ya wafuasi wa Wadonati walimwua padre mmoja wa upande wa Augustino. Padre mwingine wakamng'oa jicho na kumkata kidole. Wakashikwa, wakakiri. Kwa sheria ya Roma wangeweza kuuawa, au kukatwa viungo kama walivyomkata yule padre.

Augustino alimwandikia barua mkubwa wa serikali. Aliomba wasiuawe, wala wasikatwe viungo. Aliomba wazuiwe kutenda maovu, wapewe kazi ya manufaa, na waachiwe muda wa kutubu. Hakusema kwamba hawana hatia. Alisema kwamba mtu aliyekufa hawezi kutubu tena. Yeye mwenyewe alipewa miaka mingi ya kutubu. Angewezaje kuwanyima wengine?

Ni haki kusema pia kwamba Augustino alikubali serikali itumie nguvu, kama vile faini, ili kuwarudisha Wadonati katika Kanisa. Watu wengi wa siku hizi wanaona alikosea hapo. Hata mtu anayehubiri rehema huhitaji rehema.

8. Siku za mwisho

Mwaka 430 jeshi la Wavandali, watu waliotoka Ulaya, liliuzingira mji wa Hippo. Wakimbizi walijaa mjini. Katika mwezi wa tatu wa mazingira hayo Augustino, mzee wa miaka 75, alishikwa na homa.

Aliomba zaburi chache za toba ziandikwe, zibandikwe ukutani mbele ya kitanda chake. Alizisoma mchana na usiku huku akilia. Karibu siku kumi aliomba asiingiliwe na watu, isipokuwa na waganga, au walioleta chakula. Alifariki tarehe 28 Agosti, mwaka 430. Hakuacha wosia wa mali, kwa kuwa hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe.

Huenda unauliza kwa nini alilia, na dhambi zake zilifutwa usiku ule wa Pasaka, miaka 43 nyuma. Yeye alikuwa akifundisha kwamba hata Mkristo mwema asiondoke duniani bila toba. Hakulia kama mtu asiye na tumaini. Alilia kama mtoto anayerudi kwa baba anayemjua. Alikwisha kujua kwamba mlango haukufungwa.

9. Wewe je?

Ndugu msomaji, huenda huna kitabu cha kuandika makosa yako. Si lazima. Augustino alianza kupona siku alipoacha kusema si mimi niliyetenda, na siku alipoacha kusema kesho. Mambo hayo mawili hata mtu asiyejua kusoma anaweza kuyafanya.

Kwaresima ikija, usihesabu tu siku ulizofunga. Mkumbuke aliyekukosea. Mkumbuke na yule uliyemkosea, aliyeondoka analia. Kama yu hai, njia ya kwenda kwake bado ipo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wizi wa mapeasi ulimsumbua Augustino miaka mingi?
2. Mafundisho ya Mani yalimpa udhuru gani? Sisi hutumia udhuru gani tunapokosa?
3. Augustino alisema sadaka ni za namna mbili. Zitaje. Ipi ni ngumu zaidi kwako, na kwa nini?
4. Wauaji wa padre walistahili adhabu gani? Je, mtu anaweza kusamehewa na bado akaadhibiwa?
5. Je, yule mwanamke aliyerudishwa Afrika alitendewa haki? Jadilianeni.